Kimetengenezwa China halafu kinauzwa pauni 230: jibu kwa dada wa Igoma

Swali limetoka kwa dada mmoja anaishi Igoma hapa Mwanza, nimelifupisha kidogo tu: "Kaka habari za kazi. Baba yangu aliingia reli mwaka 1964, akaanza kwa kusimamia moto kwenye vichwa vya mvuke, baadaye akawa dereva njia ya Tabora mpaka anastaafu. Nataka kumpa zawadi ya kichwa cha treni kidogo, kile kinachotembea kwenye reli za mezani. Nimekiona kimoja cha mvuke duka la Uingereza, pauni 230, kichwa peke yake, hamna reli hamna behewa. Kusoma chini nakuta kimetengenezwa China! Sasa vitu vya Mchina si tunavijua bei yake? Wanatupiga au? Na ungekuwa wewe ungenunua?"

Dada yangu, kwanza asante kwa kumfikiria mzee hivyo, na mfikishie shikamoo yangu. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye nyumba za reli na najua mtu aliyefanya kazi kwenye mvuke anavyobadilika sura ukimtajia injini yake, kwa hiyo swali lako nimelichukua kwa uzito. Jibu fupi ni kwamba hawakupigi, ila nisingenunua, na hayo mambo mawili kila moja lina maelezo yake.

Tuanze na hilo la Mchina. Ukienda mtaa wa Makoroboi leo utapata treni ya betri na duara lake la reli za plastiki kwa hela ya mboga ya siku mbili tatu, nayo imetoka China, na hiyo ya pauni 230 imetoka China, tena inawezekana kabisa zimetoka mkoa mmoja wa Guangdong. Tofauti haipo kwenye nchi. Ipo kwenye idadi na kwenye mikono. Ile ya Makoroboi inatoka kwenye kalibu moja, yaani umbo la chuma linalomiminiwa plastiki, mamia ya maelfu ya mara, bodi ni vipande viwili vinabanwa kwa skrubu nne, rangi ni ya plastiki yenyewe, basi. Hii nyingine inatengenezwa labda elfu mbili, elfu tatu kwa mkupuo mmoja, halafu kalibu zinarudi stoo na huenda zisiguswe tena kwa miaka.

Na kalibu zenyewe ndo mwanzo wa gharama. Ni vipande vya chuma kigumu vinavyochimbwa kwa mashine na kwa cheche za umeme, maana kuna mikunjo midogo ambayo kisu cha mashine hakiingii, na kwa kichwa kimoja cha mvuke hazihitajiki kalibu mbili, zinahitajika nyingi: boila, kibanda cha dereva, tanki la maji la nyuma, fremu, magurudumu, vyuma vya kusukuma magurudumu, na vile vitu vidogo vidogo vya kubandika. Chukua mfano tu wa hesabu: kalibu zote pamoja na uchoraji zimegharimu pauni laki moja na nusu, na wanunuzi waliopo duniani wa hicho kichwa ni elfu tatu. Kabla hata hujayeyusha plastiki ya kwanza, kila kichwa kinabeba mzigo wa pauni 50. Kama wanunuzi wangekuwa laki tatu kila mmoja angebeba nusu pauni. Hapo ndo ile treni ya Makoroboi inapopata urahisi wake.

Halafu mikono. Juzi nilikuwa nimefungua mezani kichwa kimoja cha hivi vya kisasa, nikakitoa vipande vyote kwenye trei nyeupe ili nisipoteze kitu. Kile kishikio cha mkono kinachopita ubavuni mwa boila, ambacho kwenye injini ya kweli mzee wako alikuwa anakishika akitembea pembeni kwenda mbele, pale ni waya mwembamba kama uzi wa kushonea, umepitishwa kwenye vijitobo vya vijiti sita, kila kijiti ni kidogo kuliko punje ya uwele, na kila kimoja kimeingizwa na mtu kwa kibano. Hakuna roboti pale, ni binti au kijana kakaa kwenye mstari wa watu, kazi yake kutwa ni hivyo vijiti, na ukikosea kimoja waya unapinda na kipande kinarudishwa. Ubavuni mwa kibanda kuna bamba la namba, nikaweka lenzi nikakuta limeandikwa mpaka jina la kiwanda kilichojenga injini ya kweli na mwaka wake, herufi zinasomeka. Hiyo inapigwa kwa pedi laini ya mpira, inabeba wino na kuugandamiza kwenye plastiki, rangi moja pigo moja, mstari mwekundu pigo lake, mweupe pigo lake, namba pigo lake, na kila pigo mtu anakiweka kichwa kwenye kishikizo, anakitoa, anasubiri kikauke. Kwa hiyo dada unavyoona pauni 230, sehemu kubwa sana ya hiyo hela ni masaa ya watu.

Na hao watu zamani walikuwa wanalipwa kidogo sana, hii ndo sehemu ambayo wengi hawaipendi kuisikia ila lazima isemwe. Angalia hii biashara ilivyosafiri. Hornby, jina maarufu kuliko yote Uingereza, alianza kuuza treni za kukaza kwa ufunguo mwaka 1920 pale Liverpool, baadaye jina likahamia kiwanda cha Margate, mji wa pwani huko Kent, na kwa miaka mingi watu wa Margate ndo walikuwa wanaunganisha treni zote. Ilipofika miaka ya 1990 kazi ikapelekwa China, na cha kuangalia ni kwamba bei madukani haikushuka sana. Walichofanya ni kuchukua ile nafuu ya mishahara wakaigeuza kuwa urembo, yaani kile kishikio ambacho Margate kilikuwa mstari tu umechongwa kwenye plastiki, China kikawa waya wa kweli na vijiti vyake. Wateja wakazoea. Mwaka 2000 na kitu kichwa kizuri cha mvuke kilikuwa chini ya pauni 100, kila mtu akadhani hiyo ndo bei yake halali. Haikuwa bei halali, ilikuwa bei ya kipindi.

Kabla ya China ilikuwa hivyo hivyo na wengine. Wamarekani walikuwa na vichwa vya shaba ya njano vilivyotengenezwa kwa mkono, vilikuwa vinatoka Japani baada ya vita kuu ya pili, mishahara ya Japani ikapanda kazi ikahamia Korea Kusini, ya Korea ikapanda ikaenda China. Na unajua Wakorea leo wanatengeneza nini? Vile vichwa vya umeme vya SGR vinavyotoka Dar kwenda Dodoma tangu 2024, ni vya Hyundai Rotem wa Korea. Waliacha kuunganisha vya mezani wakaenda kuunganisha vya tani na tani, na kila nikiiona ile treni nawaza habari hii, maana ni mikono ya nchi ile ile, kizazi kingine tu.

Sasa China nayo imefika hapo. Kima cha chini cha mshahara pale Shenzhen kilikuwa yuani 1,100 kwa mwezi mwaka 2010, ilipofika 2022 kilikuwa 2,360, na hapo sijaongelea fundi mwenye mkono mwepesi ambaye hakubali kima cha chini kwa sababu kiwanda cha simu cha jirani kinamhitaji pia. Ongeza thamani ya hela yao: kabla ya katikati ya 2005 dola moja ilikuwa yuani 8.28, kufika mwanzoni mwa 2014 ilikuwa kwenye 6.1 hivi, maana yake hata mshahara ungebaki pale pale, mnunuzi wa nje angelipa zaidi. Na Muingereza akaongezewa lingine mwaka 2016 pauni ilipoporomoka baada ya ile kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya. Mwaka 2021 kontena la melini likawa balaa, hiyo hata huku tuliiona kwenye bei za kila kitu.

Kuna na mambo ya viwanda vyenyewe kuwa vichache. Palikuwa na kampuni ya Hong Kong inaitwa Sanda Kan, ilikuwa inatengenezea majina mengi kwa pamoja, Hornby akiwemo. Mwishoni mwa miaka ya 2000 ikanunuliwa na Kader, na Kader ndo mwenye Bachmann tangu 1987, yaani mshindani mkubwa wa Hornby! Fikiria unauza chapati halafu unga wako unasagwa kwenye mashine ya jirani anayeuza chapati. Wateja wengi wa Sanda Kan ikabidi watafute kwa kwenda, Hornby akahangaika na mizigo kuchelewa miaka kadhaa, akaanza kusambaza kazi kwa viwanda tofauti tofauti mpaka India na Vietnam. Kuhama kiwanda sio kuhamisha oda tu, kalibu zinabebwa, mafundi wapya wanajifunza upya, mkupuo wa kwanza unatoka na kasoro. Hizo zote zinaingia kwenye bei.

Wapo waliokataa kuhamia China moja kwa moja. Märklin wa Göppingen, kampuni ya tangu 1859, sehemu ya kazi anafanya Ujerumani sehemu Hungary, na bei zake ukiziona dada utazirudia mara mbili kuzisoma. Tena pamoja na bei hizo mwaka 2009 aliingia kwenye ufilisi, akaja kununuliwa 2013. Lima wa Italia yeye alikuwa upande wa pili kabisa, bei chee, mpaka vichwa vya Afrika Kusini alitoa na naamini ndo maana vinaonekana kidogo huku kusini mwa bara letu, lakini naye alifunga 2004. Kwa hiyo usidhani kuna mtu amekaa juu ya lundo la hela. Ni biashara ngumu.

Ila kuna mfano mmoja unaonisumbua na sitaki niuache, maana unaharibu ile hadithi rahisi ya kwamba bei ni mishahara tu. Kato wa Japani anatengeneza Japani. Mishahara ya Japani inajulikana. Na bado kichwa chake cha mvuke cha skeli ndogo, ile ya reli yenye upana wa milimita 9 kati ya chuma na chuma, mara nyingi unakipata kwa nusu ya hiyo pauni 230 au chini ya nusu. Anawezaje? Nimevifungua vichwa vyake vingi na jibu liko ndani. Vipande ni vichache, vinashikana kwa kubonyeza bila gundi wala skrubu nyingi, kila kipande kimechorwa na mtu aliyekuwa anamfikiria mfanyakazi atakayekiunganisha, na Wajapani wenyewe nyumbani kwao wanavinunua kwa wingi, kwa hiyo zile kalibu zinarudi kazini kila baada ya muda. Havina vijiti sita vya waya ubavuni. Lakini vinatembea dada, ukikiweka relini kinaondoka taratibu kama maji yanavyopanda ufukweni, bila kushtuka. Mimi kwa heshima zote kwa wanaopenda vijiti, kichwa cha treni kazi yake ya kwanza ni kutembea vizuri. Hiki cha Kato kikumbuke, nitakirudia.

Sasa tuje kwenye hela yako itakavyokuwa mpaka mzigo ufike Mwanza, maana pauni 230 sio mwisho. Kwanza, hiyo bei ya dukani ina VAT ya Uingereza asilimia 20 ndani yake, na duka likituma mzigo moja kwa moja nje ya nchi linaruhusiwa kuitoa, kwa hiyo 230 inakuwa kama 192. Waombe, maduka mengi yanafanya ila wengine hawasemi mpaka uulize, na ukipitishia kwa wakala aliye ndani ya Uingereza mara nyingi hiyo nafuu unaikosa. Weka usafiri na bima tuseme 40, umefika 232. Hapo juu unapigiwa ushuru wa forodha asilimia 25, hiyo ni 58, jumla 290. Juu ya hiyo jumla VAT yetu asilimia 18, kama 52. Umefika pauni 342, na bado tozo ndogo ndogo za forodha, ikiwemo ile tozo ya maendeleo ya reli iliyoanza 2015 kwa asilimia 1.5, yaani kichwa kidogo kinachangia kujenga njia ya kichwa kikubwa, hiyo mimi huwa nailipa kwa moyo. Ukichukulia pauni ni shilingi 3,300 unaongelea milioni moja na laki moja na zaidi, kabla ya reli, kabla ya kifaa cha umeme, kabla ya nauli ya basi kutoka Dar. Na kama umechagua chenye sauti, yaani chenye dikoda na spika ndani, kilicho sawa na hicho kinapanda kwa karibu pauni 100 nyingine. Sauti ni nzuri, ila haiwezi kuwa sauti ya injini ya mzee, ni ya injini ya Kiingereza.

Na hapo ndo penye sababu yangu ya kusema nisingenunua.

Dada, mzee wako hakuendesha hicho kichwa. Reli aliyofanyia kazi ni ya mita moja, ile iliyofika Mwanza mwaka 1928 kutokea Tabora, na vichwa vyake vilijengwa kwa ajili ya huku. Vilikuwa virefu vyembamba, taa kubwa moja mbele, kile chuma cha kusukuma ng'ombe chini yake, tanki la nyuma refu kwa sababu vituo vya maji vilikuwa mbali, kibanda kina paa linalotokeza kwa ajili ya jua. Tena vilikuwa na majina yetu. Ukienda makumbusho ya reli Nairobi utakikuta kichwa namba 3020 kimeandikwa Nyaturu, na kile kikubwa cha aina ya Garratt namba 5918 kinaitwa Mount Gelai, mlima wa kwetu Tanzania, kimojawapo kati ya 34 vilivyojengwa na Beyer Peacock wa Manchester mwaka 1955 na 1956. Ukimpelekea mzee injini ya kijani ya Kiingereza atashukuru kwa sababu ni mwanaye umempa, atakiweka kabatini, ila hatokuambia "hapa ndo nilikuwa nasimama." Na unachotaka wewe, kama nimekuelewa, ni hiyo sentensi.

Hakuna kiwanda China wala kwingine kitakachokutolea kichwa cha Tanganyika cha mvuke kwa mkupuo wa elfu tatu, rudi kwenye hesabu ya kalibu utaona kwa nini, wanunuzi hawapo. Kwa hiyo kinatakiwa kitengenezwe hapa, na kinawezekana, mimi nimeshatengeneza viwili.

Ujanja ni huu. Unanunua kichwa cha Kato cha D51, hii ni injini maarufu sana ya Japani, ina magurudumu makubwa manane, mawili madogo mbele na mawili nyuma, mpangilio ule ule wa vichwa vya daraja la 29 vya reli ya Afrika Mashariki. Kinatembea kwenye reli ya milimita 9. Cha kwao wamekichora kwa skeli ya moja kwa 150, yaani injini ya kweli imepunguzwa mara 150. Wewe unavua bodi yao, unabaki na mota, gia na magurudumu, halafu unajenga bodi mpya kwa skeli ya moja kwa 120. Kwa skeli hiyo milimita 9 ni sawa na milimita 1,080 za kweli, yetu ni 1,000, tofauti jicho halioni. Wajuzi watasema sio sahihi kabisa. Waambie Waingereza wenyewe treni zao za moja kwa 76.2 zinatembea kwenye reli ya milimita 16.5, ukipiga hesabu inakuja milimita 1,257 wakati reli yao ya kweli ni 1,435, na wamekaa na hilo kosa tangu kabla ya vita na wanafurahi. Watu wa New Zealand ndo wanatumia hii njia ya moja kwa 120 kwenye reli ya milimita 9, na reli yao ni nyembamba kama zetu.

Boila nililitengeneza kwa bomba la sindano la mililita 5, jipya, la duka la dawa. Unene wake kwa hiyo skeli unakuja karibu sana na boila la kweli pamoja na lile vazi lake la nje. Unalikata kwa msumeno mwembamba, unalisugua kwa msasa wa maji mpaka ule mng'aro uondoke, vinginevyo rangi haishiki. Dohani na lile kuba la mvuke nilichongesha mti wa kalamu ya risasi. Kibanda ni bati la kopo, na hapo nilimwendea fundi wa makoroboi, maana ukiacha jina la mtaa, wale mafundi wenyewe bado wapo na hakuna mtu Mwanza anayelehemu bati jembamba kama wao. Nilimpelekea mchoro wa kibanda kimekunjuliwa kwenye karatasi, urefu wake hauzidi kidole gumba. Alikiangalia muda mrefu, akaniuliza madirisha yawe na ukingo au yasiwe. Swali hilo kiwandani China linaulizwa na mchoraji kabla ya kalibu kukatwa, na hapa liliulizwa na mtu ameshika mkasi wa bati, moto wa mkaa uko pembeni. Akaweka ukingo. Kile kibanda ninacho mpaka leo na sikibadilishi na cha pauni 230.

Mzigo wote kwa hesabu zangu, kichwa cha Japani na usafiri na ushuru, fundi, rangi, duara dogo la reli na adapta yake ya volti 12, unaishia karibu nusu ya ile milioni na laki moja. Muda ndo mwingi, mimi kilinichukua jioni za miezi mitatu.

Neno moja la tahadhari kabla hujakimbilia vya mitumba kwa ajili ya kubana bei, maana najua mtu atakushauri. Vya mitumba nilinunua kimoja miaka ya nyuma kutoka kwa muuzaji wa nje, picha safi, boksi safi, akaandika kimetembea mara chache. Kufika, nikakiweka relini kikasogea sentimita mbili kikakwama. Nikafungua bodi nikakuta fremu ya chuma imepasuka mistari mistari kama tope la mbugani wakati wa kiangazi, imevimba, imebana gia. Nikaigusa kwa kucha kipande kikadondoka. Huo ni ugonjwa wa chuma cha zinki kinachomiminwa, kikichanganyika na risasi kidogo tu wakati wa kuyeyusha, ndani kwa ndani kinaendelea kuoza miaka kumi, ishirini, na hauna dawa, sio gundi sio rangi. Niliumia sana, maana ile hela niliiweka shilingi kwa shilingi. Muuzaji hakujibu tena. Kwa hiyo ukinunua mtumba omba picha ya chini, fremu ionekane yote, angalia kama imepinda kama ndizi au ina nyufa za nywele, na omba video kikitembea taratibu, sio kwa kasi, kasi inaficha. Ukisikia tak tak tak kwa mpigo mmoja kila gurudumu likizunguka, hiyo ni gia ya plastiki imepasuka kwenye ekseli, hiyo inatibika.

Kama zawadi ina tarehe, labda sikukuu au siku ya kuzaliwa, na miezi mitatu huna, basi nunua hicho hicho cha Kato kitembee kama kilivyo, mzee akione kinazunguka mezani, umwambie kingine kinakuja. Injini za Japani za kweli nazo ni za reli nyembamba, milimita 1,067, kwa hiyo umbo lake liko karibu na vya kwetu kuliko la Muingereza, mzee atalitambua.

Kwa sasa usiagize chochote. Kaa na mzee jioni moja, usimwambie kwa nini, umuulize alianzia kwenye kichwa namba ngapi. Hao wazee wa mvuke namba hawasahau, atakutajia hata jina la aliyekuwa dereva wake. Muulize pia taa ya mbele ilikaa juu ya boila au chini, tanki la nyuma lilikuwa la mraba au la duara, rangi ilikuwa nyekundu ya damu ya mzee au nyeusi, na yeye alisimama upande gani wa kibanda. Nitumie majibu pamoja na namba, nikutafutie picha ya ubavuni ya injini hiyo hiyo, nikuchoree kibanda kikiwa kimekunjuliwa, ukipeleke mwenyewe kwa fundi.